Miwani si ya kuazimana: namba ya macho ilitoka wapi?



Hapa Kinanira, na kambini pia, tuko na zoea moja. Mtu akianza kuona vibaya, anajaribu miwani ya jirani. Ikimsaidia kidogo, basi, anaomba akae nayo. Au mfuko wa miwani ya msaada unafika, kila mtu anachagua kwa kujaribisha. Hatumcheki mtu, maana daktari wa macho yuko mbali na pesa haipo. Lakini tumefuata historia ya miwani, tukaona kwamba dunia nzima iliishi hivyo kwa karne nyingi, kisha ikaacha. Ni vizuri tujue kwa nini iliacha.

Karibu miaka 1,000 iliyopita, huko Cairo, Ibn al-Haytham aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na macho. Alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini, wasomi wa Ulaya wakakisoma. Miwani yenyewe ilitokea Italia. Mwaka 1306, mtawa Giordano da Pisa alihubiri Florence kwamba ufundi wa kutengeneza miwani haujafikisha miaka 20. Ilikuwa lenzi mbili zimeunganishwa tu, mtu anazishika puani kwa mkono. Iliwafaa zaidi wazee waliotaka kusoma. Lenzi za kuwasaidia wasioona mbali zilikuja baadaye.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1462, Francesco Sforza, mtawala wa Milan, aliagiza miwani dazeni tatu kutoka Florence: dazeni moja ya vijana ya kuonea mbali, moja ya wazee ya kuonea karibu, moja ya macho ya kawaida. Watu wake waligawiwa humo. Hakuna aliyepimwa. Si ni ule mfuko wetu wa msaada kabisa? Hata mtawala tajiri hakuwa na njia nyingine.

Njia ilipatikana miaka 400 baadaye. Mwaka 1862, daktari Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitoa ubao wa herufi: kubwa juu, ndogo chini, na umbali unaojulikana wa kusimama. Mwaka 1872, Mfaransa Ferdinand Monoyer akapendekeza kipimo cha nguvu ya lenzi, dioptri. Toka hapo, jicho la mtu linaweza kuandikwa kwa namba, na fundi yeyote akatengeneza lenzi ileile.

Namba hiyo ina maana kubwa. Kijana mwenye -2 anaona vizuri mpaka sentimita 50 tu. Mwenye -4 ni sentimita 25. Ubao wa darasa uko mita kadhaa! Mwalimu anamwita mvivu, nyumbani wanasema hana akili, mwisho anaacha masomo. Kumbe ni sentimita.

Ukipimwa, soma karatasi yako. OD ni jicho la kulia, OG la kushoto, na mara nyingi hayalingani. Alama ya kutoa (-) ni ya asiyeona mbali. Alama ya kujumlisha (+) mara nyingi ni ya kusaidia kuona karibu. Ukikuta namba ya tatu yenye "axe", maana yake jicho halikujipinda sawa pande zote. Lenzi ya tatizo hilo aliitumia kwa jicho lake mwenyewe mtaalamu wa nyota Mwingereza George Airy, mwaka 1825. Miwani ya kuazima haiwezi kubahatisha hayo yote. Ndiyo maana kichwa kinauma na ubao bado una ukungu.

Fremu nayo si urembo tu. Mboni ikae katikati ya lenzi, kwa hiyo umbali kati ya mboni mbili lazima upimwe. Isiteleze puani, isibane nyuma ya masikio, kope zisiguse lenzi. Kama namba yako ya kutoa ni kubwa, chagua fremu ndogo, lenzi haitakuwa nene sana pembeni.

Kwa mama wa miaka 45 anayeshindwa kutia uzi kwenye sindano, miwani ya tayari ya kuonea karibu inaweza kumtosha, kama macho yake yanalingana na hayana ugonjwa. Lakini mwanafunzi, hapana. Yeye apimwe.

Tusiambiwe haiwezekani kwa nchi za kwetu. Jirani zetu Rwanda, kuanzia 2012, Wizara ya Afya pamoja na shirika Vision for a Nation walifundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima macho. Hawakungoja kila kituo kipate daktari wa macho.

Kwa hiyo wandugu wa mashirika, asante kwa mifuko ya miwani, lakini tunaomba kipimo kwanza: muuguzi aliyefundishwa, ubao wa herufi, futi ya kupimia mboni. Na sisi vijana, tukimwona mtoto anakunja macho au anasogelea ubao, tusiseme ni mvivu. Tumpeleke kituo cha afya, tumwombee apimwe.