Namba ya Siri ya Shosho

Shosho alipopata simu yake ya kwanza pale Makongeni, Thika, mimi ndiye niliyemsaidia kuweka namba ya siri. Tulichagua 1963, mwaka wa Uhuru, maana huo hangeusahau. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na wazee wengi waliijua nywila kupitia tarakimu hizo nne, bila kugusa kompyuta hata siku moja.

Hesabu yake ni rahisi. Tarakimu nne hutoa namba 10,000, kutoka 0000 hadi 9999. Ukichagua mwaka wa karne iliyopita, umemwachia mwizi kama 100 tu za kujaribu. Herufi ndogo nane zilizopangwa ovyo hutoa zaidi ya bilioni 208. Kwa hivyo nywila nzuri ni ndefu na haina maana kwa mtu yeyote.

Lakini historia ina la kuongeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walikuwa na kompyuta moja ya watu wengi. Kila mtu akapewa nywila ili mafaili yake yabaki yake. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa kwenye mashine hazimtoshi. Akaiagiza ichapishe faili la nywila zote, nayo ikachapisha. Hakubahatisha hata moja, maana alikuwa mtu wa ndani. Alikuja kukiri baada ya miaka mingi.

Niliposoma kisa hicho nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimeacha chuo, nimepanga chumba Ruiru, na kodi imenishinda. Wikendi moja nikaenda kumsalimia Shosho, nikachukua simu yake eti naangalia salio, nikajitumia 800. Ujumbe nikaufuta.

Siku hizi mifumo mizuri huvuruga nywila kwa hesabu isiyorudi nyuma, ili hata anayeiba faili asizisome. Shosho hakuwa na ulinzi huo. Alikuwa na mimi.

Hakuniuliza kitu. Mwezi uliofuata nilimsindikiza kwa ajenti kutoa pesa. Akaishika simu karibu na kifua, na kwa Kikuyu, polepole, akaniambia nigeuke kidogo.

Zile 800 nilimrudishia, na nikamwambia ukweli. Namba mpya siijui mpaka leo, na sijamuuliza.