Yakobea

Yakobea (Jacobaea vulgaris) ni mmea wa familia Asteraceae, ukoo mmoja na alizeti, unaoota kwa asili katika malisho, kando ya barabara na kwenye ardhi ya mchanga huko Ulaya na sehemu za Asia. Carolus Linnaeus aliuita Senecio jacobaea mwaka 1753. Jenasi ya Senecio ilikuwa pana kiasi kwamba iliwahi kubeba hata mimea mikubwa mfano wa miti ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, ambayo sasa ina jenasi yake, Dendrosenecio. Kwa kawaida yakobea huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutandaza majani yake duara juu ya udongo. Mwaka wa pili huinua shina la sentimita 30 hadi 150 na kujaa maua ya manjano wakati wa kiangazi. Wafugaji wengi wa Uingereza huuhesabu kuwa adui wa farasi na ng'ombe, na wapo wanaotaka ung'olewe kila mahali hadi utoweke. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Hatari ya yakobea ni ya kweli, lakini chanzo chake kikubwa ni utunzaji mbaya wa malisho na hei, wala si kuwapo kwa mmea huo nchini.

Sumu yenyewe haina ubishi. Yakobea ina alkaloidi za pirolizidini, kundi la sumu linalopatikana pia katika baadhi ya spishi za marejea (Crotalaria) barani Afrika. Mnyama akila mmea huu, vimeng'enya vya ini lake huzigeuza alkaloidi hizo kuwa kemikali zinazoharibu seli za ini lenyewe. Madhara hujikusanya kidogokidogo, na dalili zinapoonekana, mara nyingi ini limekwisha kuharibika kiasi cha kutotibika. Farasi na ng'ombe huathirika zaidi. Kondoo na mbuzi hustahimili zaidi, ingawa nao hawana kinga kamili. Hata hivyo, yakobea mbichi ni chungu, na mnyama mwenye nyasi za kutosha huikwepa. Huila akibanwa na njaa katika malisho yaliyokwisha, au inapokatwa na kukaushwa pamoja na majani ya hei. Ikikauka, uchungu hupungua lakini sumu hubaki, na mnyama hawezi tena kuichambua. Mlango wa sumu, basi, ni hori la hei na malisho yaliyochoka, na milango yote miwili iko mikononi mwa mfugaji.

Wapinzani hujibu kwamba mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu zenye manyoya yanayopeperuka, hivyo kuuacha popote ni kuhatarisha kila shamba la jirani. Hesabu ya mbegu ni sahihi, ila hitimisho limepita kiasi. Sehemu kubwa ya mbegu hizo huanguka mita chache tu kutoka kwa mmea mama, na zinazofika mbali huhitaji udongo ulio wazi ili zishike. Ardhi iliyofunikwa vizuri na nyasi huzinyima nafasi. Iliyokanyagwa na kulishwa kupita kiasi huzikaribisha. Hata kufyeka ovyo huweza kuongeza tatizo, kwa kuwa mmea uliokatwa kabla ya kuzaa mbegu huchipua tena na kuishi mwaka zaidi, huku mashina yaliyoachwa yakinyauka yakigeuka chakula kwa mifugo.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Maua ya yakobea hutoa mbochi na chavua kwa nyuki, vipepeo na nzi wa aina nyingi. Nondo mwekundu kwa mweusi aitwaye Tyria jacobaeae huutegemea zaidi mmea huu: viwavi wake wenye mistari ya manjano na nyeusi hula majani yake na kuhifadhi sumu mwilini ili ndege wasiwale. Kuufuta mmea katika nchi yake ya asili ni kuwafuta pia wadudu wanaoutegemea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka ng'ambo. Huko New Zealand na Amerika Kaskazini, ambako yakobea ililetwa na wageni, iligeuka balaa kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti waliihusisha na ugonjwa wa ini uliojulikana kama ugonjwa wa Winton huko New Zealand na ugonjwa wa Pictou huko Kanada. Huko, kuipunguza kwa nguvu kulikuwa halali kabisa. Lakini katika jimbo la Oregon, Marekani, ushindi mkubwa ulipatikana kwa kuleta wadudu wanaoila kwao Ulaya: nondo yule, na hasa mbawakawa mdogo Longitarsus jacobaeae, ambaye mabuu wake hutafuna mizizi. Mfano huo unaonyesha kwamba yakobea hukithiri panapokosekana wadudu wake na panapokuwa na udongo ulio wazi.

Sheria za Uingereza nazo zimefuata njia ya kati. Sheria ya Magugu ya 1959 inaruhusu mwenye ardhi kuamriwa azuie kuenea kwa yakobea, lakini haimtii hatiani kwa kuwa nayo tu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 unapima hatari kwa umbali: mmea ulio ndani ya mita 50 kutoka malisho au shamba la hei ni hatari kubwa, na ulio zaidi ya mita 100 ni hatari ndogo. Kipimo hicho ndicho cha busara: ing'olewe bila huruma panapolishwa mifugo na panapovunwa hei, na kwingineko iachwe ichanue.