Sauti Gizani: Historia Fupi ya Michezo ya Redio, kama Ilivyosikilizwa Isongole

Wazee wenzangu wa Isongole wameniamuru, na amri ya wazee haina rufaa, niandike kwa ufupi tarikhi ya michezo ya redio ya Dar es Salaam, kwa kuwa Julai ya mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 75 tangu Sauti ya Dar es Salaam iliposikika hewani kwa mara ya kwanza, Julai 1951. Na katika matunda yote ya chombo kile adhimu, habari na muziki na hotuba, hapana lililotukusanya na kututetemesha pamoja kama mchezo wa kuigiza uliokatizwa penye hatari, ukatuacha tumekodolea macho kisanduku kisicho na uso.

Insafu yatulazimu kukiri kwamba sanaa ya kutisha watu kwa sauti tupu ilitangulia kwa wenzetu. Huko Chicago, mwaka 1934, Wyllis Cooper alianzisha mchezo ulioitwa Lights Out, uliorushwa usiku wa manane watoto wakiwa wamekwisha lala, ambamo nyama iliyokaangwa mbele ya kipaza sauti ilisikika masikioni mwa watu kuwa ni mwili wa binadamu unaounguzwa kwa umeme. Na tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alikitwaa kisa cha H. G. Wells cha uvamizi kutoka Mirihi akakisoma kwa mtindo wa taarifa ya habari, baadhi ya wasikilizaji wakasadiki. Mchezo wao mkuu, Suspense, ulianza 1942, ukafungwa tarehe 30 Septemba 1962, siku ambayo wengi wa huko huihesabu kuwa mwisho wa zama za dhahabu. Tanganyika wakati huo haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Jua lao lilipokuchwa, letu ndio kwanza linachomoza.

Wala hatukuanza mikono mitupu. Mwaka 1952, chombo kikiwa bado kichanga, Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, ambamo mtu mwema huwapiga manyani wawili kila usiku huku akilia kwa huruma, na mjumbe wa mfalme, aliyeyaona hayo kwa siri, hawezi kupata raha mpaka ajue sababu. Anayetaka kujua hofu ya Kiswahili ilivyofumwa, na aanzie hapo: hofu yetu aghalabu si ya damu, ni ya siri.

Isongole, palipo baridi chini ya Mlima Rungwe, penye ukungu, viazi na mianzi, redio ya kwanza niliyoijua ililetwa na baba yangu mkubwa kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Ilikuwa ile iliyobuniwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya Waafrika, iliyouzwa kwa pauni 5, na ganda lake lilikuwa sufuria hasa, la alumini, lililopakwa rangi ya buluu. Tulikaa kuizunguka, wakubwa juu ya vigoda, watoto mkekani, na betri ilipoanza kuchoka baba mkubwa aliianika juani, ikiwa jua lenyewe lilikubali kutoka, akatukataza kufungulia muziki ili nguvu iliyobaki itunzwe kwa ajili ya mchezo.

Ewe msomaji, michezo ile iliigizwa katika joto la pwani, lakini sisi tuliivika ukungu wetu. Mwigizaji akitaja pango, tuliliona lile la makorongo ya kwetu. Akitaja maji meusi, tuliliona Ziwa Ngosi, ambalo wazee husimulia kwamba ndani yake yumo nyoka mkubwa. Hiyo ndiyo adhama ya redio, ambayo picha haikupata kuifikia: zimwi moja lilitamkwa Dar es Salaam, na kila nyumba ikalipa sura iliyokuwa ikiiogopa tangu zamani. Mchezo ukiisha, jirani wa hatua arobaini tu aliomba kusindikizwa, na mianzi ikilia kwa upepo hata msindikizaji naye alitafuta wa kumrudisha.

Mwaka 1956 chombo kile cha Dar es Salaam kilifanywa shirika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania, chini ya serikali. Hapo ndipo zilipong'aa sauti tuzipendazo. Pwagu na Pwaguzi walituchekesha mpaka machozi. Lakini nikiulizwa ni nani aliyetufundisha kusikiliza, nitamtaja kwa taadhima Bi. Debora Mwenda wa Mama na Mwana, ambaye kipindi chake kilikuwa cha watoto, nao watu wazima wakijifanya wanapita tu. Bibi yule alijua kunyamaza. Hadithi ilipofika mlangoni pa hatari alishusha sauti kidogo, akatulia, na katika utulivu ule mdogo watoto mkekani walishikana mikono bila kuambiwa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa na uzito wake, bidhaa zikawa adimu na betri nazo zikatafutwa kama dawa.

Baadaye, Julai 1993, ukaja Twende na Wakati, pamoja na Mkwaju, dereva wa lori, na mashaka ya mkewe Tunu, mchezo uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, ambao Dodoma haikuusikia kwa miaka miwili ya kwanza ili watafiti wapate kulinganisha, kisha zikaja redio za watu binafsi, kisha televisheni ya taifa, kisha TBC Taifa. Wote tunawashukuru.

Limebaki deni moja. Usiku mmoja wa miaka ile ya uhaba, mchezo ulifika mahali ambapo mjane yu peke yake nyumbani, mvua yanyesha, hodi inabishwa mara tatu, naye anauliza, "Nani?" Betri ikafa. Tuliitoa, tukaisugua, tukaiweka jivuni penye joto, wapi. Mwenzangu yeyote uliyesikiliza usiku ule, mahali popote ulipo, karibu Isongole. Viazi vipo, moto upo, uniambie aliyekuwa mlangoni.