Wageni na Mwinuko: Kutoka Mexico 1968 Hadi Tunduma

Reli ya TAZARA inaanza Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari. Ikifika Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, imeshapanda hadi takriban mita 1,790, na hapo ndipo pa juu kuliko pote katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Baada ya hapo inashuka bonde la Mto Songwe, inapanda tena uwanda wa Mbozi wenye mibuni, kisha inaingia Tunduma, mpakani na Zambia, karibu mita 1,600 juu ya bahari.

Timu ya Pwani inayopita njia hiyo, kwa reli au kwa barabara ya TANZAM inayoambatana nayo, huwa inasubiriwa na kauli mbili. Wenyeji wanasema wageni watakata pumzi kipindi cha pili. Wageni wakifungwa, benchi la ufundi linalaumu hali ya hewa. Kauli hizo zimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayezihoji, ilhali jambo lenyewe lina historia ndefu, na historia hiyo haiungi mkono upande wowote moja kwa moja.

Hewa nyepesi

Watu walijua kwamba mlima unachosha kabla hawajajua kwa nini. Mwaka 1590 padri Mhispania José de Acosta aliandika jinsi alivyougua akivuka milima ya Andes huko Peru, akaihisi hewa ya juu kuwa haimfai binadamu. Ilipita karibu miaka 300 kabla ya Mfaransa Paul Bert, katika kitabu chake cha 1878, kuonyesha kiini cha tatizo: si baridi wala uchovu wa kupanda, bali ni kanieneo ndogo ya oksijeni. Miaka 12 baadaye, mwenzake François-Gilbert Viault alipima damu huko Morococha, Peru, akakuta kwamba mtu akikaa juu chembe zake nyekundu za damu huongezeka.

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa iwe Kariakoo, iwe Tunduma. Kinachopungua ni uzito wa hewa yenyewe. Karibu mita 1,600, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kati ya asilimia 16 na 18 kuliko pumzi ya Pwani. Mtu aliyekaa kitini haoni tofauti, maana damu yake bado inabeba oksijeni ya kumtosha. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu zake zote ndiye anayeiona. Uwezo wake wa juu kabisa wa kutumia oksijeni unashuka kwa asilimia chache, kwa kawaida kati ya 5 na 10, na mwili uliozoea mazoezi makali huathirika zaidi kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa unafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake.

Mwili haukai kimya. Siku za kwanza unapumua kwa kasi, moyo unapiga haraka, na maji ya damu yanapungua ili chembe zilizopo zikaribiane. Figo nazo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Agizo hutoka ndani ya saa chache, lakini mavuno yake huhitaji wiki kadhaa. Ndiyo maana timu inayofika Alhamisi kwa mechi ya Jumamosi huwa imeshaanza kulipa gharama za mwinuko bila kupata faida yake yoyote.

Mwaka ambao dunia iliamini

Hadi Oktoba 1963 hayo yalikuwa mambo ya maabara. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoipa Mexico City michezo ya 1968, jiji lililo mita 2,240 juu ya bahari, madaktari na makocha wa Ulaya walishtuka. Wapo waliotabiri vifo. Ufaransa ilijenga kituo cha mazoezi Font-Romeu, mita 1,850 kwenye milima ya Pyrenees, na wanariadha wa nchi nyingi wakaanza kutafuta milima.

Matokeo yaliigawa michezo mafungu mawili. Katika mbio fupi na miruko, hewa nyepesi ilikuwa neema: Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, na Bob Beamon akaruka mita 8.90, rekodi iliyodumu hadi 1991. Katika mbio ndefu ilikuwa adhabu. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ya Ron Clarke wa Australia ilikuwa 27:39.4. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni. Kipchoge Keino alimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, Amos Biwott akachukua kuruka viunzi na maji, na Mamo Wolde wa Ethiopia akachukua marathoni.

Dunia ikahitimisha haraka kwamba waliozaliwa milimani hawashindiki milimani. Lakini orodha hiyohiyo ina majina mawili yanayokataa hitimisho hilo. La kwanza ni Mohammed Gammoudi wa Tunisia, nchi isiyo ya milima mirefu. Alijiandaa Font-Romeu, kisha akawashinda Keino na Temu katika mita 5,000. La pili ni la Mtanzania, John Stephen Akhwari. Yeye alikuwa mtu wa nyanda za juu, mzaliwa wa Mbulu, lakini Mexico ilikuwa juu kuliko alikozoea. Misuli ilimkaza njiani, akaanguka na kuumia goti na bega, na bado akaingia uwanjani giza likiwa limeshaingia, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, kwa saa 3:25:27. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alimaliza marathoni wa tano. Kwa hiyo mtu wa milimani naye anaweza kuwa mgeni, na mtu wa bondeni aliyejiandaa anaweza kushinda juu.

Faida inayoteremka

Baada ya Mexico swali liligeuka. Badala ya kuuliza mwinuko unamfanya nini mgeni anayepanda, makocha wakauliza unamfanya nini mwenyeji anayeshuka. Jibu moja lilitoka Tanzania. Februari 2, 1974, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliongoza mita 1,500 kutoka mlio wa bastola hadi utepe mjini Christchurch, New Zealand, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Mwaka uliofuata akavunja rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika, kwa 3:51.0. Miji yote miwili iko pwani.

Mwaka 1997, Wamarekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha njia ya kupata mema ya pande zote mbili: mwanariadha alale juu ili damu iongezeke, ashuke chini kufanya mazoezi ya kasi. Mfano wa karibuni wa Mtanzania wa nyanda za juu aliyetamba usawa wa bahari ni wa Septemba 2025. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa muda uleule, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua.

Soka lalalamika

Kwenye soka ugomvi mkubwa ulikuwa La Paz, Bolivia, uwanja ulio takriban mita 3,600 juu ya bahari. Mei 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500. Rais Evo Morales akaongoza upinzani, hata akacheza mpira kwenye Mlima Sajama. FIFA ilikipandisha kikomo hicho mwaka huohuo, na Mei 2008 ikaisitisha marufuku. Diego Maradona alikwenda La Paz kumuunga mkono Morales. Aprili 1, 2009 alirudi huko akiwa kocha wa Argentina, Lionel Messi akiwa uwanjani, wakafungwa 6-1.

Mtafiti Patrick McSharry alikuwa ameshachambua mechi 1,460 za Amerika Kusini za miaka 100. Alikuta kwamba kila mita 1,000 za tofauti ya mwinuko zinampa mwenyeji wa juu takriban nusu goli la ziada. Hesabu hiyo ni ya Andes na haihamishiki kama ilivyo hadi Mbozi. Ila inatupa kipimo cha busara: mwinuko wa kadiri yetu unaweza kuamua mechi ya timu zinazolingana, si mechi ya timu zilizopishana mbali. Na anayepanda kwa mpango anaweza kucheza hata mahali pasipofikirika. Juni 24, 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali walipanda Kilimanjaro kwa siku kadhaa, wakacheza dakika 90 ndani ya kreta, mita 5,714, wakatoka sare ya 0-0.

Rekodi ya Nyanda za Juu Kusini

Mashabiki wa Mbeya na Songwe wana ushahidi wao. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mbeya City walipanda Ligi Kuu na kumaliza wa tatu msimu wao wa kwanza, 2013/14. Mbozi nayo ikatoa Kimondo, timu yenye jina la jiwe kubwa la angani la Ndolezi, iliyocheza Ligi Daraja la Kwanza.

Lakini hebu tuangalie msimu uleule wa 2013/14. Azam, timu ya Chamazi, Dar es Salaam, walikwenda Uwanja wa Sokoine, takriban mita 1,700, wakaifunga Mbeya City 2-1 na kutwaa ubingwa papo hapo bila kupoteza mechi hata moja msimu mzima. Kipigo kinachokumbukwa zaidi siku hizi nacho hakikutokea milimani. Novemba 29, 2022, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Uwanja unaitwa Highland Estate, jina la nyanda za juu, lakini uko Ubaruku, Mbarali, kwenye mbuga za mpunga za Usangu zilizo chini mno kuliko jiji la Mbeya. Aliyesingizia mwinuko siku ile hakuwa ametazama ramani.

Kwa timu nyingi adui mkubwa ni barabara. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na abiria wa basi anashuka akiwa na miguu iliyovimba na usingizi wa vipande, kisha anakutana na baridi na hewa kavu inayomkausha maji asihisi jasho. Ushauri wa kitaalamu ni kucheza ndani ya saa 24 tangu kufika, au kukaa wiki mbili. Wiki mbili ni gharama ambayo klabu nyingi haziimudu, na saa 24 baada ya safari ya basi si mapumziko. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa 2012 upande wa Mbeya, ndio ulioufanya ushauri huo utekelezeke kwa wenye nauli.

Mpira nao hubadilika. Hewa nyepesi haiuzuii sana, kwa hiyo shuti la mbali linafika upesi na kona haipindi kama kipa wa Pwani anavyotarajia. Mazoezi ya saa moja uwanjani kabla ya mechi yanasaidia hapo kuliko dawa yoyote.

Songwe inafanya nini na mwinuko wake

Tangu ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, mkoa wa Songwe umebaki na kitu ambacho mataifa hulipia fedha nyingi. Tunduma, Vwawa na Mlowo viko kwenye uwanda unaokaribiana kimo na Karatu na Mbulu. Ndani ya mkoa huohuo, Kamsamba iko bonde la Rukwa, ambako ziwa lenyewe liko takriban mita 800. Kanuni ya kulala juu na kukimbilia chini inaweza kutekelezwa hapa bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Hata hivyo majina makubwa ya riadha ya Tanzania yametoka kwa wingi Arusha, Manyara na Singida, ambako shule, jeshi na makocha waliwapokea vijana na kuwalea. Hewa ya Mbozi haina kasoro. Kinachopungua ni mashindano ya shule yanayofuatiliwa, njia za kukimbilia na mwalimu anayebaki na mtoto kwa miaka mitano. Wenyeji wakiendelea kuutegemea mwinuko uwafunge wageni, watapata pointi chache za nyumbani kila msimu na kuzirudisha zote wakishuka kwenye joto la Pwani. Wakiugeuza kuwa mtaji wa mazoezi, watakuwa na wakimbiaji wa kushindana popote.