Zanzibar: kutoka kura moja ya Chake Chake hadi maridhiano ya 2010

Mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar mara nyingi husimuliwa kuanzia Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Lakini ulikwishaingia majumbani kabla ya hapo, nao ulipitia kwenye sanduku la kura.

Katika uchaguzi wa Januari 1961, chama cha ASP kilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa ASP kwa tofauti ya kura moja tu. ZPPP ikagawanyika, Baraza likabaki nusu kwa nusu, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni. Ghasia zilizofuata kisiwani Unguja ziliua watu 68. Wakulima waliokuwa wakiishi katika mashamba ya watu wengine walifukuzwa kwa sababu ya chama walichokiunga mkono. Maduka nayo yakasusiwa. Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31.

Baada ya miongo mitatu ya chama kimoja, vyama vingi vilirejea mwaka 1992, na susio likarejea pamoja navyo. Uchaguzi wa 1995 ulimpa Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Huko Pemba watu wakasusiana madukani na hata mazikoni, jambo zito mno kwa jamii ambayo kumzika jirani ni wajibu.

Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999, lakini haukutekelezwa. Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa hawakupungua 35, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Muafaka wa pili wa Oktoba mwaka huohuo nao haukuondoa uhasama. Mikataba yote miwili ilikuwa ya vyama. Mwananchi wa kawaida aliisikia redioni kama alivyosikia habari nyingine.

Ndiyo maana yaliyoanza Novemba 5, 2009 yalikuwa ya aina nyingine. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, faragha. CUF, ambayo ilikuwa haimtambui Karume kuwa rais halali, ikatangaza kumtambua. Baadhi ya wafuasi wa Maalim Seif walimzomea katika viwanja vya Kibandamaiti. Pengine huo ndio ushahidi bora kwamba alikuwa ametoa kitu chenye thamani.

Safari hii wananchi waliulizwa. Katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 waliafiki Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Theluthi moja walikataa, na katika shangwe za siku zile ni wachache waliowakumbuka. Katiba ikarekebishwa, chama kilichoshika nafasi ya pili kikapewa Makamu wa Kwanza wa Rais. Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Maalim Seif aliyakubali matokeo, na Unguja na Pemba zikalala salama.

Katiba iligawa madaraka baada ya kura kuhesabiwa. Haikuondoa mashaka juu ya kuhesabu kwenyewe. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ya pamoja ikasambaratika.

Uchaguzi wa 2020 nao ulikumbwa na umwagaji damu. Hata hivyo, Desemba mwaka huo Maalim Seif, akiwa sasa katika ACT-Wazalendo, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Hussein Mwinyi. Alifariki Februari 17, 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Wiki chache baadaye Othman Masoud Othman, wa chama hichohicho, aliapishwa kushika nafasi yake.