Kengele na Ijaza: Njia Mbili za Elimu Bagamoyo

Mwaka 1790 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alieleza kwamba kiumbe hai si kama saa, kwa kuwa viungo vyake huzalishana na kujipanga vyenyewe. Katika karne ya 20 wazo la mfumo unaojipanga liliingia katika sayansi, naye Ilya Prigogine alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1977. Je, shule ni saa au ni kiumbe hai? Swali hili lina historia yake katika mji mkongwe wa Bagamoyo, upande wa Dunda.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo mwaka 1868, wakawakomboa watoto watumwa. Elimu yao ilikuwa ya Magharibi: kengele iligawa siku kati ya sala, darasa na kazi za mikono. Walipokua, vijana walioana na kukaa katika kijiji cha Kikristo. Walipata mengi, lakini utaratibu wote ulitoka juu, na baadhi yao walitoroka.

Elimu ya Mashariki ilikuwa imefika na majahazi ya kaskazi. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Kongo ya mashariki. Alisoma, akawa mwalimu na kiongozi wa tarika ya Qadiriyya hadi alipofariki mwaka 1931. Mwanafunzi aliyekubaliwa na sheikh wake alipewa ijaza, naye akafundisha wengine huko alikokwenda.

Hata hivyo, tusipime kwa mizani ya upande mmoja. Chuoni nako kulikuwa na fimbo na kukariri, na ijaza yenyewe ni mamlaka. Misheni nayo, ilipofungua kituo cha Mhonda mwaka 1877, ilituma familia za Wakristo kutoka Bagamoyo. Basi tofauti kubwa haiko kati ya Mashariki na Magharibi, bali kati ya mwalimu anayemwamini mwanafunzi na yule asiyemwamini.

Katika Marko 4:28 ardhi huzaa yenyewe. Neno la Kiyunani ni *automatē*. Mkulima hupanda na kuvuna, ila hakuzi. Martin Luther naye, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alimkabidhi mkuu wa nyumba kazi ya kufundisha. Mchungaji asiyethubutu kumwachia mwinjilisti wa mtaa darasa la kipaimara na ajiulize: ninapanda mbegu, au ninapiga kengele tu?