Mikono Juu Kwanza

Mama mwenye nyumba anagoma kupiga magoti. Umemfokea mara ya kwanza, ukamfokea ya pili, bado amesimama anakukodolea macho, na nyuma yako askari wanne wanasubiri neno lako. Mwanawe, Lawrence Fairfax, mtekaji wa wasichana, yumo humu humu ndani, hujui chumba gani. Bunduki unayo mkononi. Kwenye gemu nyingi za bunduki hapa ungebonyeza kitufe ukapita zako. Kwenye hii ukibonyeza umeharibu kazi. Mama hana silaha, kwa hiyo dawa yake ni kufokewa tena, au kupuliziwa pilipili usoni, kisha pingu za plastiki, kisha redio ya upepo, uwajulishe wakubwa waliobaki nje kwamba raia mmoja yuko salama mikononi mwenu. Ukisahau redio, alama zinakatwa.

Gemu yenyewe ni SWAT 4, iliyotoka mwaka 2005. Mara ya kwanza nilipoimaliza nyumba ile nilijiona shujaa: msichana aliyetekwa nimemtoa mzima, Fairfax yuko chini, askari wangu hawana hata mkwaruzo. Kisha ikaja karatasi ya matokeo. Fairfax nilimpiga risasi akiwa ananikimbia, amenipa mgongo. Kwa gemu hii hayo ni mauaji yasiyo na idhini, na yameandikwa pale chini kwa jina lake, pamoja na bastola niliyoiacha sakafuni bila kuiokota kama ushahidi. Sikumbuki gemu nyingine iliyowahi kunitia aibu.

Ukitaka kujua karatasi ile ilitoka wapi, usianzie kwenye bunduki. Anzia kwenye tairi la gari.

Mwaka 1987 kampuni ya Sierra On-Line, iliyokuwa na makao yake katika mji mdogo wa Oakhurst, California, ilitoa gemu iitwayo Police Quest. Mbunifu wake, Jim Walls, hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa askari wa barabarani wa jimbo la California aliyeacha kazi, na alichokifahamu ni taratibu. Basi akazitia taratibu zote ndani ya gemu. Mchezaji ni Sonny Bonds, askari wa mji wa kubuni uitwao Lytton, na kabla hajaingia garini lazima alizunguke gari lote kwa miguu kulikagua, kama askari wa kweli anavyofundishwa. Ukipuuza ukawasha gari na kuondoka, tairi linakutupa mkono na gemu imekwisha. Unampeleka mtuhumiwa mahabusu? Iweke bastola yako kwenye kabati la nje kwanza, la sivyo utauawa nayo. Katika toleo la pili, la 1988, usipokwenda uwanja wa shabaha kuirekebisha bunduki, siku ya siku risasi zako zitakwenda kombo.

Watoto wa wakati ule walichukia mambo hayo, na sishangai. Lakini Walls alikuwa amepanda mbegu: kwamba katika gemu unaweza kufa kwa uzembe wa kiofisi, na kwamba kuna utamu wa ajabu katika kufanya jambo sawasawa, hatua kwa hatua, bila kukurupuka.

Walls aliondoka Sierra baada ya toleo la tatu, la 1991. Aliyefuata kuwekwa jina lake kwenye boksi anaifanya historia hii iwe na ukakasi.

Daryl Gates alikuwa mkuu wa polisi wa Los Angeles kuanzia 1978. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kikosi cha SWAT cha jiji hilo miaka ya 1960. Jina alilolitaka mwanzoni lilikuwa na maana ya timu ya mashambulizi yenye silaha maalumu. Mkubwa wake, Ed Davis, akalikataa neno “mashambulizi”, likawekwa neno “mbinu”, na zile herufi nne zikabaki vilevile. Kazi kubwa ya kwanza ya kikosi, Desemba 1969, ilikuwa kuvamia ofisi za chama cha Black Panther. Pande mbili zilirushiana risasi kwa saa kadhaa, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Mei 1974 kilizingira nyumba ya kundi la Symbionese Liberation Army huku televisheni zikirusha moja kwa moja. Nyumba iliteketea, na watu sita wa kundi hilo wakafa.

Machi 1991 ikapigwa video ya askari wa Gates wakimtwanga virungu Rodney King, mtu mweusi aliyelala chini. Mwaka uliofuata askari hao walipoachiwa na mahakama, Los Angeles iliwaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa, na Gates akaachia ofisi. Huyo ndiye Sierra waliyemwendea. Police Quest: Open Season ya mwaka 1993 ilitoka ikiwa na jina lake juu kabisa, na kelele zilipigwa, kwa haki.

Na hapa ndipo ninapokwama kila nikiifikiria. Gemu zinazomwadhibu mchezaji kwa nguvu ya kupita kiasi zimekulia kwenye jina la mtu ambaye jeshi lake lililaumiwa dunia nzima kwa nguvu ya kupita kiasi. Sidhani kama Sierra walikaa mezani wakapanga toba. Nadhani waliuza jina maarufu, na ule ukaguzi wa tairi wa Jim Walls ukaendelea kufanya kazi yake chinichini.

Mwaka 1995 likaja Police Quest: SWAT, lenye video za waigizaji zilizojaza diski nne na mafunzo marefu ya kuchosha. Toleo la pili, 1998, liliwatazama askari kutoka juu, kama unacheza bao. Mwaka huohuo, mbali na Sierra, kampuni ya Red Storm ilitoa Rainbow Six, iliyobeba jina la mwandishi Tom Clancy. Pale unachora mpango wako kwenye ramani kabla ya kuingia, nani apite mlango upi, na risasi moja yatosha kumuua mtu wako. Akifa kafa, kesho humpati tena. Kundi unaloliongoza mle si polisi, lakini liliwazoesha wachezaji kitu kimoja: kuogopa mlango.

SWAT 3 ya 1999 ndiyo iliyoviunganisha vyote. Sasa unaona kwa macho ya askari, unatoa amri kwa wenzako, unachungulia kwa kioo kwenye kona, na juu ya yote unapaza sauti kumtaka mtuhumiwa aonyeshe mikono. Kitufe cha kupaza sauti kikawa na uzito kuliko kitufe cha kufyatua. Nahesabu kwamba hapo ndipo aina hii ya gemu ilipozaliwa.

SWAT 4 ilitengenezwa na Irrational Games, wale wale ambao miaka miwili baadaye waliitoa BioShock. Mko watano: kiongozi, wawili wa timu nyekundu, wawili wa bluu. Mnapitisha kamera nyembamba chini ya mlango. Mlango wa pili mnautia kabari ili mtu asiwatokee kwa nyuma. Kisha amri: piga teke, tupa bomu la mwanga na kishindo, ingia. Waliomo ndani hawakai mahali pamoja, kila ukianza upya wamehamishwa, kwa hiyo kukariri hakusaidii. Mtuhumiwa anaweza kuitupa silaha. Anaweza pia kuinua mikono nusu, akusome, kisha aichomoe bastola. Ruhusa ya kuua unayo pale tu anapomwelekezea mtu mtutu, na muda wa kuamua ni mfupi kuliko pumzi. Ukimkamata hai unapata alama nyingi kuliko ukimuua. Katika ngazi ngumu kabisa unatakiwa alama 95 kati ya 100 ndipo uruhusiwe kusonga mbele. Mtu mmoja mwenye papara anawaangusha wote.

Baada ya toleo la nyongeza la 2006, kimya. Soko lilikuwa limekwenda kwenye vita vya kasi. Walls mwenyewe alijaribu kurudi mwaka 2013 kwa kuchangisha fedha mtandaoni kwa gemu mpya ya polisi, akakosa wachangiaji wa kutosha. SWAT 4 iliendelea kuishi mikononi mwa mashabiki walioitia viraka wenyewe. Huko Romania, Door Kickers ya 2014 ilirudisha mtazamo wa kutoka juu. Bangladesh vijana walitengeneza Zero Hour, ikaanza kuuzwa 2020, na uvamizi ukawa ndani ya majengo ya kwao badala ya Marekani. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Mrithi mwenye jina kubwa ni Ready or Not ya VOID Interactive, iliyoanza kuuzwa ikiwa haijakamilika Desemba 2021 na kukamilika Desemba 2023. Jiji lake la kubuni, Los Sueños, ni Los Angeles iliyobadilishwa jina. Iliingia na kashfa: muda mfupi baada ya watengenezaji kuthibitisha kwamba kutakuwa na ngazi ya shambulio la shuleni, wao na msambazaji wao, Team17, wakaachana. Ngazi ya namna hiyo ilikuja hatimaye, ikiwa kwenye chuo. Nimeicheza mara moja. Ni taratibu zilezile za Walls, ila unazifuata kengele zikilia na watu wakipiga mayowe, na hakuna muda wa kulizunguka gari.

Karatasi ya matokeo bado ipo. Wameiongezea kitu ambacho SWAT 4 haikuwa nacho: ukicheza kama kamanda, askari wako wana roho. Kila unapowarudisha kituoni kutoka kwenye nyumba iliyojaa maiti, wamechakaa zaidi. Unaweza kumpumzisha mmoja na kumpeleka kwa mshauri wa akili, lakini kesho utaingia na pengo lake. Ukimlazimisha aendelee, siku moja utafungua orodha ya kikosi na jina lake halimo. Hakupigwa risasi. Ameacha kazi.